Upepo wa Barabara ya Kamukuywa

Bungoma

Mpwa wangu,



Mama yako amenisimulia kisa chako kwa simu. Kwamba ulikuwa ukirudi kutoka Kitale, mitungi mitupu ya maziwa imefungwa kwenye keria, wakakupita vijana watano wa baiskeli za mashindano, nawe ukawafuata hadi Kiminini bila kuachwa. Kwamba walisimama, wakakuuliza jina, wakakualika uende mazoezini nao Jumamosi. Nawe ukawajibu kwamba utaenda mwakani, ukishanunua baiskeli nzuri na kujinoa mwenyewe kwanza.

Hilo la mwakani ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nikiwa na umri wako nilibeba mahindi kwa baiskeli ya Black Mamba, gunia zima nyuma, kutoka shambani kwa babu yako hadi kinuni. Sikukuu zikifika, vijana wenye baiskeli kama hizo tulishindana, nami nilishinda hadi wenzangu wakachoka kunipongeza. Basi nikaomba baiskeli ya kuazima, nikaenda kwenye mashindano ya kweli, mbali na kwetu, zaidi ya kilomita 100. Filimbi ilipolia nilitoka mbele, na nikakaa mbele. Kila nilipogeuka niliona mstari wa watu nyuma yangu, nikadhani wameshindwa kunipita. Zilipobaki kama kilomita 12, wakanipita wote kwa pamoja, kama matatu iliyojaa inavyompita mtu stejini. Nilimaliza miguu ikitetemeka. Nililia njiani nikirudi, na sikushindana tena.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichonipata. Kwenye barabara tambarare, mwenye kasi hapigani na barabara, anapigana na hewa. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, karibu nusu mita hivi, hutumia nguvu pungufu kwa kama theluthi moja. Mimi niliwakatia upepo watu wale kwa saa kadhaa, nao walikuwa wakipokezana na kulindana. Miguu yao haikuishinda yangu siku ile. Walinishinda kwa kujuana.

Hayo huwezi kujifunza peke yako, mwanangu, hata ukipanda na kushuka daraja la Kamukuywa kila alfajiri kwa mwaka mzima. Kukaa nusu mita nyuma ya mtu mnapokwenda kasi ya gari, bila kugusa breki ghafla, ni jambo la kuaminiana. Wa mbele akiona shimo huonyesha kwa mkono, na ishara hiyo hupita kwa kila mmoja hadi wa mwisho. Upepo ukitoka ubavuni, mnajipanga kwa mshazari, kila mtu kidogo upande wa mwenzake. Zamu yako mbele ikiisha unateleza pembeni, unarudi nyuma, unapumua. Zamu ni fupi, na wewe ambaye umezoea kusukuma mzigo utatamani kuirefusha ili waone una nguvu. Usiirefushe. Tena wakikuambia ulegeze gia uzungushe pedali upesi, hata mara 90 kwa dakika, watii. Mamba haina gia, imekuzoesha kukanyaga kwa uzito, na uzito huo humaliza magoti.

Chukua mfano huu. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mtu wa Singapore, aliwapeleka Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, hadi Alpe d'Huez, ule mlima wa Ufaransa wenye kona 21. Mmoja wao aliupanda kwa dakika 42 na ushee, muda wa kuheshimika. Lakini kupanda mlima ukiwa peke yako na kushindana katikati ya watu mia ni mambo mawili, ndiyo sababu kazi iliyofuata ilikuwa kujenga timu, Kenyan Riders, kule Iten. Humo ndimo alimopitia Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda mwaka 2017.

Na Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi. Watu husifu mapafu yake. Mimi huwaza zaidi nyumba ya mwalimu wake, David Kinjah, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, alikokuwa akienda akiwa mtoto kuendesha na vijana wa klabu ya Safari Simbaz waliomzidi umri na nguvu. Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi wote wawili waliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mtoto yule hakungoja awe tayari ndipo aende. Alikwenda akiachwa nyuma, akangojewa, akaenda tena.

Kuhusu baiskeli, usiuze ng'ombe. Waulize vijana wale wana ipi ya kukuazima, kisha baadaye mtafute pamoja ya mtumba inayolingana na kimo chako, maana fremu kubwa mno itakuumiza mgongo hata iwe ya bei gani. Leseni ya kushindania hutoka kwa shirikisho la taifa, na wao wanaijua njia. Lakini helmeti iwe yako mwenyewe, mpya, isiyowahi kuanguka. Sikufichi: Kangangi alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani, baada ya kuanguka. Alikuwa na umri wa miaka 33, nahodha wa Team Amani. Nilipopata habari nilikaa nje hadi giza likaingia. Barabara yetu ina malori ya Lodwar na matrekta ya miwa, kwa hiyo usiifuate trela ili ikukatie upepo, hata wenzako wakifanya hivyo. Hapo tu usiwatii.

Mama yako anahofia maziwa. Nimeongea naye: siku ya Jumamosi mdogo wako atayapeleka, nami nitamlipa.

Nimempa dereva wa matatu ya Kitale kifurushi chako, akishushe Kiminini stejini Ijumaa jioni. Mna helmeti, tyubu mbili na pampu ndogo. Beba ndizi na viazi vitamu, ule kabla njaa haijakuuma. Ondoa keria kwenye baiskeli usiku huohuo, boliti zake zimeshika kutu, zipake mafuta kwanza. Wanaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uwe umefika kabla yao.

Ni mimi mjomba wako