Mawimbi ya Puerto Escondido

Katika jimbo la Oaxaca, nchi ya Meksiko, kando ya bahari ya Pasifiki, upo mji uitwao Puerto Escondido, maana yake Bandari Iliyofichika. Jina hilo lilifaa zamani. Siku hizi vijana wa mataifa mengi huufikia, kila mmoja na ubao wake mrefu kwapani, wapate kupanda mawimbi. Nasi tuliufikia, bila ubao, tukakaa siku sita.

Wanachokifuata ni ufuko wa Zicatela. Msomaji asidhani kwamba wimbi huzaliwa pale anapoliona. Tangu mwezi wa nne hata wa kumi, dhoruba za kusini ya mbali husukuma maji mwendo wa maelfu ya kilomita. Mbele ya Zicatela kina ni kirefu hata karibu na nchi kavu, kwa hiyo maji hayapungukiwi nguvu njiani. Hukutana ghafula na fungu la mchanga, yakainuka kama ukuta, pengine kupita mita 6, yakajikunja na kuanguka kwa kishindo. Ndani ya mkunjo ule mtu hupita amesimama juu ya ubao, akatokea mbele ya povu. Lakini si wote watokeao wakiwa wazima, na walinzi wa ufuko wana kazi nyingi. Mama mmoja muuza samaki alituona tumeshika mataulo, akacheka: “Bahari hii si ya kuoga, ni ya kutazama.” Tukatazama.

Wavuvi hutumia ghuba nyingine iliyo tulivu. Asubuhi mashua zao hurudi na jodari. Mwenye usukani huikaza mota, mashua ikapanda mchangani kwa mbio, na watu hukimbia kando. Mzee mmoja aliyekuwa akikunja wavu alituambia kwamba mwanawe hafundishi wanawe uvuvi. Hufundisha wageni kupanda mawimbi, tena hupata fedha kuliko baba yake. Hakulalamika kwa hilo. Alilalamikia kodi ya nyumba. Jamaa yake walikaa karibu na maji miaka mingi, sasa wamehamia mlimani, naye hushuka gizani kwenda kazini.

Tuliona neno lake ni zito, kwa maana sheria ya Meksiko kuhusu pwani si dhaifu. Ufuko ni mali ya taifa, pamoja na ukanda wa mita 20 juu yake, na tangu mwaka 2020 anayewazuia watu kuufikia hutozwa faini. Katiba ya mwaka 1917 inamkataza mgeni kumiliki ardhi mwenyewe ndani ya kilomita 50 toka pwani. Lakini benki huruhusiwa kuishika ardhi kwa niaba yake miaka 50, na mkataba huweza kufanywa upya. Mwezi wa pili mwaka 2024 ilifunguliwa barabara mpya toka mji mkuu wa jimbo. Safari ya saa 6 au zaidi milimani ikawa ya saa 3 hivi. Mgonjwa hufika hospitali upesi, jambo jema kabisa. Mnunuzi wa viwanja naye hufika upesi.

Yapata kilomita 60 upande wa magharibi, ng'ambo ya wangwa wenye mikoko, kipo kijiji cha Chacahua. Huko tulishangaa: wenyeji wengi ni weusi kama sisi. Katika karne ya 16 na ya 17 watumwa wengi waliouzwa Meksiko walitolewa Angola na Kongo, na uzao wao umekaa katika pwani hii tangu siku zile. Hata hivyo Katiba iliwataja mwaka 2019 tu, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ndiyo ya kwanza kuwauliza wote nchini. Wakaitika zaidi ya milioni 2 na nusu. Bibi mmoja aliyetukaangia samaki aliuliza tumetoka wapi. Tulipojibu Kongo, alilirudia jina hilo polepole mara mbili, kisha akatuongezea ndizi.

Chacahua nako kuna wimbi zuri, na watoto hulipanda kwa mbao zilizovunjika zikaungwa. Mjukuu wa bibi yule, akipaka ubao wake nta, alitueleza kwamba bwana mmoja amekwisha kuja mara mbili kuuliza bei ya kiwanja chao. Bibi hajamjibu bado.