Ruta yangu angani
Haya wadau, nimefika salama, ila ngoja niwape ya kwenye ndege. Tulikuwa watatu, Dar kwenda Istanbul, hela inatosha kifurushi cha Wi-Fi cha kifaa kimoja tu, na mwenzetu mwisho wa kutuma asaimenti ni saa sita usiku ya Dar. Nikatoa karuta kangu ka safari, kadogo kama kipande cha sabuni, nikakachomeka kwenye USB ya kiti. Kenyewe kanajiunga na Wi-Fi ya ndege, halafu kanatugawia sisi. Mtandao wao unaona kifaa kimoja.

Ukurasa wa kulipia ukagoma! Nusu saa natoka jasho, kumbe niliacha VPN imewashwa humo ndani ya ruta. Kuizima tu, ukafunguka, nikalipa.

Sasa spidi, jamani... Ukipitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ombi na jibu lake vinakula kama nusu sekunde njiani, na hapo mnagombania abiria wote. Nikasema tuzime simu zetu, tumwachie yeye. Faili likaenda saa tano na dakika hamsini na moja.

Dada mhudumu akauliza kile kijitaa cha bluu ni cha nini. Nikamwambia chaja. Hapo sijisifu.