Tairi nene sawa, lakini mimi nitaketi wapi?

Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Mume wangu, baada ya kuwasomesha watoto watatu hadi wakajitegemea na kubaki na kitindamimba aliye chuoni, roho yake imependa tairi. Si tairi la gari, mpenzi msomaji. Ni la nyuma la pikipiki yetu, Honda Shadow 750 ya mwaka wa 1999. Lililopo ni la 170, yaani upana wa milimita 170. Analotaka ni la 240.

Nimpe haki yake. Pikipiki za aina hii, za kiti cha chini na usukani mpana, si za kukimbizana bali za kutembea kwa madaha, na tairi nene huzipendeza. Hata viwanda vimeliona hilo. Triumph walitoa Rocket III mwaka wa 2004 ikiwa na tairi la 240, Suzuki wakafuata na Intruder M1800R mwaka wa 2006, nao Harley-Davidson wakaleta Breakout mwaka wa 2013 yenye upana huohuo. Lakini hizo ziliundwa hivyo tangu mwanzo. Yetu yataka kupasuliwa.

Jumamosi moja nilifuatana naye hapa Nakuru hadi kwa fundi, nikasikiliza. Tairi la 240 haliingii mahali pa 170 kwa kulazimishwa. Seti ya vipuri huagizwa ikiwa na rimu pana, uma mpya wa nyuma wa kushikilia gurudumu na madigadi mapya. Tairi huongeza sentimita tatu na nusu kila upande, kwa hiyo cheni nayo lazima isogezwe nje isije ikasugua mpira. Sproketi ya mbele ikisukumwa nje, beringi ya giaboksi hubeba mzigo zaidi. Bei ya seti hiyo, kabla ya ushuru na ufundi, ilizidi karo ya muhula mzima wa kitindamimba wetu.

Hata hivyo, si bei iliyonichoma. Fundi alitutolea picha ya pikipiki iliyokwisha kutengenezwa. Ilimetameta, tairi limejaa nyuma kama pipa. Nikaitazama mara ya pili. Madigadi yalikuwa yameteremka kulikumbatia tairi, na kiti kilikuwa kimoja tu, cha dereva.

"Baba watoto," nikamwuliza, "na mimi nitaketi wapi?"

Alinyamaza. Fundi naye akajifanya anatafuta spana.

Msomaji, tangu nyumba yetu iwe kimya, sisi wawili hatuna matembezi mengine. Jumapili baada ya kanisa hupanda pikipiki, tukateremka Naivasha kula samaki. Siku nyingine hufika Maai Mahiu, tukasimama kwenye kile kikanisa kilichojengwa na mateka Waitaliano mwaka wa 1942. Huko nyuma ya mgongo wake ndiko tunakozungumza mambo ambayo mezani hayasemeki. Nilimweleza hayo bila kupandisha sauti.

Hakubishana. Wiki iliyofuata aliazima Intruder ya rafiki yake, akapanda nayo zile kona za kutoka Maai Mahiu. Jioni alirudi akijikanda mabega. Akanieleza kuwa pikipiki ikilazwa kwenye kona, mahali tairi linapogusa lami husogea kando. Tairi jembamba husogea kidogo. Pana husogea mbali, na pikipiki hutaka kujiinua isimame wima. Dereva hulazimika kusukuma usukani kwa nguvu na kuilaza zaidi, ingawa kona ni ileile na mwendo ni uleule. Fauka ya hayo, kwa uzito na upepo uleule, eneo linaloshika lami haliongezeki sana kama watu wanavyodhani. Huwa pana, lakini fupi. Na kwenye maji ya mvua, tairi pana huelea upesi zaidi.

"Na hapo nilikuwa peke yangu," akasema. "Ungekuwa nyuma, sijui."

Picha ya fundi bado imebandikwa ukutani gereji, na sijaiondoa. Mtu aliyelipa karo miaka ishirini na tano ana haki ya kutamani kitu kisicho na faida. Kwa sasa amenunua tairi jipya la 170 pamoja na cheni na sproketi zake. Kitindamimba akimaliza chuo, tutalizungumza tena lile la 240, na sharti langu analijua: madigadi yawe ya kubeba kiti cha watu wawili.

Nanyi akina mama wenzangu, mumeo akitamani kitu kama hiki, usikimbilie kumcheka. Mwombe akuonyeshe picha, kisha umwulize pako wewe ni wapi.