Kipushi: Gonga neno kabla ya kulipitisha



Toka Lubumbashi mpaka Kipushi ni karibu kilometa 30. Ukifika, unaona mnara wa chuma juu ya shimo la mgodi, na nyumba za kambi zimepangwa mistari mistari. Zambia iko pale pale, mpaka unapita kando ya mji. Mahali kama hapa, ukikohoa usiku, asubuhi wamama kwenye robine wanakuuliza hali.

Zamani, siri ya chakula haikuwa na nafasi kambini. Posho ilitoka kwa wote, kila mtu alijua jirani anapata unga. Lakini mwaka 1993 mgodi ulisimama. Njo siri zikaingia nyumbani: baba anatoka asubuhi kama mtu wa kazi, kumbe anaenda kukopa, mama anafunga mlango saa ya kula, sababu sahani ni tupu. Mwaka 2024 zinki ilianza kutoka tena, na songisongi mpya nayo ikaanza: nani ameandikwa kazi, na kwa njia gani?

Tena kuna maneno haya: “Ule mama anavukaka mupaka kila siku. Ni unga tu? Iko na bwana kule!” Kumbe mama anabeba mfuko kichwani apate minerval ya watoto. Neno likifika kwa bwana wake, kuna vita nyumbani, biashara inakufa, watoto wanarudishwa toka masomo. Na yule aliyelisema amekwisha kusahau.

Wazee waliofanya kazi chini ya udongo wanajua jambo moja. Mbele ya kuanza kazi, mtu anagonga jiwe la juu na fimbo ya chuma, anasikiliza. Likilia vizuri, ni zima. Likijibu kama ngoma, limeachana ndani. Analiangusha kwanza, ili wenzake wasipite chini yake.

Neno nalo tuligonge vile vile. Je, nimeona kwa macho yangu? Nimemuuliza mwenyewe? Nikilisema, nani atapona? Katika Matayo 18:15 Yesu anatutuma kwa ndugu mwenyewe kwanza, wawili tu, si kwenye robine. Na Mezali 11:13 inamsifu mwenye roho ya uaminifu, anayefunika jambo.

Lakini tusikosee: kufunika haya ya jirani ni upendo, kufunika uovu si upendo. Kama mtoto anaumizwa nyumbani, usinyamaze. Peleka neno kwa mtu anayeweza kumwokoa. Jiwe bovu haliachwi juu ya vichwa vya watu.

Ninyi vijana, leo simu inapitisha neno mpaka Lubumbashi na Kolwezi kabla hamjamaliza kucheka. Gongeni kwanza. Na yule mama akirudi toka mpaka, mpokee mfuko, umfikishe mpaka mlangoni. Ukiona sahani tupu mle ndani, rudi na unga, usirudi na habari.