Karatasi ya Kiarabu Sandukuni mwa Babu

Kasansa, Mpimbwe
Mwezi wa Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako ulinikuta uwanjani tukipepeta mpunga, miwani nimeiacha ndani, basi simu nikampa binti wa jirani anisomee. Kwa hiyo ujue kwamba shauri lako sasa linajulikana nyumba tatu. "Shangazi, ile karatasi ya Kiarabu kwenye sanduku la babu nimeambiwa si nzuri, ichomeni." Aliyekuambia simjui wala sitaki kumjua. Jibu langu lingetosha maneno mawili, lakini nimeona nikuandikie kwa mkono, nimpe mtu anayepanda Mpanda kesho, maana jambo lenyewe linahusu mwandiko.

Siichomi.

Karatasi hiyo niliikuta sandukuni tangu nikiwa mtoto. Babu yako aliiweka ndani ya kopo la majani ya chai, juu yake shati la harusi, na sisi tulikatazwa kuigusa. Kila mtu nyumbani aliita "ile ya Kiarabu". Mama alisema ni dawa ya mali. Baba mkubwa alisema ni hirizi iliyokatwa kutoka kitabu cha mganga. Jirani mmoja, Mungu amrehemu, alipopata homa alikuja kuomba aioshe na maji ayanywe, kama watu wanavyofanya kombe, na babu yako alikataa, si kwa sababu hakuamini bali kwa sababu wino ungeisha. Babu yako mwenyewe alijua kitu kimoja tu: iliandikwa kwa ajili ya baba yake, enzi za Wajerumani, na asiipoteze.

Mwaka 1984 nilikuwa nafundisha darasa la kwanza, kijana, mjuaji. Nikamwambia baba tuipeleke Mpanda ikasomwe. Mpanda wakati ule ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, huu mkoa wenu wa Katavi umekuja 2012. Tulipanda lori la magunia, tukapita hifadhini mbung'o wakitula miguu mpaka Sitalike, na baba kopo lake la chai kifuani njia nzima. Tulielekezwa kwa mzee mmoja, fundi cherehani mchana, mwalimu wa madrasa jioni. Alipoambiwa kuna karatasi ya Kiarabu, alisimama, akaenda kunawa, akarudi akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu," akaniambia, "naisoma, ila siielewi. Hiki si Kiarabu."

Nikamwomba asome hivyo hivyo kwa sauti. Akasoma kama mtoto anayeunganisha silabi: *bibi bili na buzi saba*. Akarudia. Akatuuliza kama baba yake mzee alikuwa na wake wawili. Mimi nilishaanza kuona aibu. Baba, ambaye nilidhani amesinzia, akapiga goti lake kwa kiganja: "Pembe mbili! Pembe mbili na mbuzi saba!"

Ilikuwa hati ya deni, mwanangu. Kiswahili kitupu. Mtu fulani alichukua pembe mbili za ndovu na mbuzi saba kwa baba yake babu yako, akaahidi kurudisha thamani yake kwa nguo msafara ukirudi. Hakurudi. Dawa ya mali niliyoambiwa utotoni ilikuwa mali ambayo hatukulipwa.

Sasa nikueleze kwa nini pembe iligeuka bibi, maana hapo ndipo penye shauri lote. Herufi za Kiarabu ni 28, na hakuna *p* ndani yake, basi mwandishi akaweka *b*. Alama za kutaja sauti ni tatu tu, ya *a*, ya *i* na ya *u*. *E* akaiazima kwenye *i*. Na waandishi wengi wa zamani hawakujisumbua kuandika *m* au *n* inayotangulia konsonanti nyingine, msomaji alitarajiwa aijaze mwenyewe. Toa *m*, geuza *p*, geuza *e*: pembe imekuwa bibi. Mbuzi wakawa buzi. Neno pekee lililosomeka bila kikwazo lilikuwa *saba*, kwa kuwa hilo ni lao. Yaani mwandiko ule ulisomeka tu kwa mtu aliyekuwa na Kiswahili kichwani tayari. Mjuzi wa herufi za Kiarabu alishindwa, na mzee wa Kasansa asiyejua alifu wala be akaweza.

Basi mimi tangu siku ile nikisikia mtu anasema "Kiarabu" huwa nauliza kipi. Maana tunalitumia neno moja kwa vitu ambavyo haviko nyumba moja. Kuna Kiarabu lugha, ile yenye sarufi yake, ambayo watoto wengine wa sekondari hapa nchini wanaifanyia mtihani wa kidato cha nne. Kuna Kiarabu mwandiko. Na kuna kiarabu cha namna ya kitu, kama mlango wa kiarabu wa Unguja, au kahawa ya kiarabu, ambapo hakuna anayezungumza lugha yoyote. Halafu sisi wa bara tumeongeza cha nne kimyakimya: Kiarabu kwa maana ya Uislamu, na kwa wenye hofu, kwa maana ya uganga. Aliyekuambia uchome aliona cha pili, akadhani ni cha kwanza, akaogopa cha nne.

*Ki* hiyo ni yetu. Ni ile ile ya Kipimbwe, Kifipa, Kikonongo na Kisukuma cha hawa ndugu zetu waliotujazia bonde ng'ombe. Mwarabu mwenyewe haitumii. Binti wa mama mmoja hapa mtaani yuko Muscat, anasema siku za mwanzo alimwambia mwenye nyumba "nifundishe Kiarabu" na yule akabaki anamtazama, mpaka bibi wa nyumba ile, aliyezaliwa Unguja, akacheka akamsahihisha: huku sema *arabi*. Kiarabu, kwa hiyo, ni neno la Kiswahili. Halimo katika Kiarabu.

Na ukitaka kucheka, tazama *kitabu*. Hapo *ki* si yetu hata kidogo, ni sehemu ya mzizi wao, k-t-b. Wahenga wa pwani waliisikia, wakadhani ni ile ya kiti na kisu, wakasema vitabu, na sisi tumefuata. Mwalimu naye alitokea huko na *m* yake, tukampa wenzake tukawaita walimu. Niliwafundisha watoto miaka thelathini a, e, i, o, u, nikiziita irabu, na sikujua kwamba neno irabu limetoka mzizi mmoja na neno Arabu. Nililijua nikiwa nimeshastaafu. Nilicheka peke yangu jikoni.

Usije ukadhani nakuambia Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa. Maneno hayo nimeyasikia tangu ualimuni, na yananiudhi. Ukichukua asali, ni neno lao. Lakini nyuki ni wetu, mzinga wetu, kurina kwetu, na Wasukuma mpaka leo wanasema *buki*. Hapa Katavi watu walikula asali kabla msafara wowote haujafika. Walichokuja nacho wafanyabiashara ni jina la sokoni. Umeona hata salamu yako: *shikamoo* ni sisi, kushika miguu, *marahaba* ni wao. Swali letu, jibu lao, na hakuna mtoto Kasansa anayesikia mshono.

Mwarabu mwenyewe wa misafara alikuwa nani? Yule Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, aliyepita kusini mwa Ziwa Tanganyika akampiga Nsama wa Itahua mwaka 1867, alikuwa mtu mweusi mwenye nasaba ya Uarabuni. Wazungu walimwita Mwarabu, na wazee wetu vilevile. Naye alipoandika maisha yake kabla ya kufa 1905, aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa aina ya ile karatasi ya sandukuni. Sikuandikii hayo ili umpende. Watu waliofungwa shingo katika misafara ile wana wajukuu hapa hapa bondeni, na baadhi yao ni sisi. Nakuandikia ili uone kwamba hata mtu tuliyemwita Mwarabu, alipotaka kusema yake, hakusema Kiarabu.

Nakujua unaimba kwaya, na najua utaniuliza ya dini. Neno *kanisa* ni la Kiarabu. *Imani, ibada, sadaka, dhambi, malaika, roho*, yote yametoka huko. Ukilifuata shauri la yule bwana wako hadi mwisho, Jumapili mtakaa kwenye benchi mmenyamaza. Na wapo Wakristo, Wakopti wa Misri na Wamaroni wa Lebanoni, wanaosali kwa Kiarabu na kumwita Mungu Allah, kwa kuwa lugha yao haina neno jingine la kawaida. Kwa upande mwingine, Waislamu wengi duniani si Waarabu wala hawazungumzi Kiarabu, kama yule fundi cherehani wa Mpanda, aliyekijua cha kusoma tu na hakuona haya kukiri.

Kuna neno moja tu la ukoo huu ambalo hunikaa vibaya: *ustaarabu*. Kwao asili yake ni kujifanya Mwarabu, kuwa kama Mwarabu. Waliokuja na misafara walilibeba likiwa na mwenzake *ushenzi*, na huo ushenzi ulikuwa sisi. Mama yangu alitufokea "kaeni kistaarabu" mbele ya wageni, mwanamke wa Kipimbwe ambaye hakuwahi kumwona Mwarabu isipokuwa muuza duka mmoja. Rafiki yangu mwalimu aliapa kutolitumia, akawa anasema *utamaduni*. Nikamwonyesha kamusi: hilo nalo limetoka huko huko, ndugu wa *madina*, mji. Alikasirika wiki nzima. Mimi nalitumia, maana mama alilitumia, na aliposema kistaarabu alimaanisha tusigombanie nyama. Lakini mtu akiniuliza ninachokitaka hasa kwa wajukuu, nasema utu.

Turudi kwenye karatasi, jua linazama na kuku hawajafungiwa. Fundi aliisoma hadi mwisho, na mimi niliandika pembeni kwa penseli kwa herufi zetu, utaona mwandiko wangu wa ujana. Majina mawili hayakusomeka, karatasi imekunjwa hapo hadi ikatoboka. Neno la mwisho kabisa alilisoma *kasasa*. Alifikiri sana. Akasema lingekuwa Kiarabu, na herufi zingekuwa zile nzito, angesema ni *qasas*, visa, lakini herufi ni nyepesi na hati ya deni haifungwi kwa visa. Baba hakusema kitu. Tulikuwa tumeshafika Sitalike tukirudi, lori limesimama kupoza injini, aliponigusa bega akaniuliza, "*N* si ndiyo inayomezwa?"

Kasansa. Huenda ni mahali deni lilipoandikiwa, huenda mbuzi walikotolewa. Huenda pia tunajipendelea.

Ukija Desemba, na nasikia tarehe 18 ndiyo siku ya Kiarabu duniani, uje na mfuko mzuri wa plastiki, ule wa vyeti, kopo limeanza kutu. Uje na simu yako yenye kamera nzuri uipige picha pande zote mbili. Na kilo mbili za chumvi, ya dukani hapa imepanda. Mwambie mama yako gunia lake la mchele nimeliweka, lisije kuulizwa tena kwa simu.

Wasalaam,
Shangazi yako