Kisu na Ukuta

Chombo changu cha kwanza si brashi, ni kisu. Nakata umbo katika karatasi ngumu, naibandika karatasi ukutani, kisha napuliza rangi. Ikiondolewa, picha husalia. Msomaji atadhani kazi ni kukata. La, ustadi ni kujua pasipokatwa. Tumbo la herufi O lazima lishikwe na vidaraja vyembamba vya karatasi. Visipokuwapo, tumbo hudondoka na herufi hugeuka doa.

Mjini Paris, mwaka 1981, Blek le Rat alianza kuchapa panya ukutani kwa njia hii. Ni njia ya haraka, na askari hawangoji. Hapa Nairobi mimi huomba kwanza idhini ya mwenye ukuta. Wenzangu wengine hunicheka. Lakini idhini nayo si ngao: picha ya mchuuzi wa mboga, niliyoikata siku tatu, ilifunikwa na tangazo kabla ya juma kwisha. Utingo wa matatu, ambazo zenyewe zimepambwa kushinda kuta zote za mji, waliisikitikia. Mchuuzi mwenyewe aliniuliza kama karatasi ile ningali nayo. Ninayo, imekakamaa kwa rangi. Na ukuta wa nyuma ya soko ungali mtupu.