Kwa Mwanangu Anayetaka Kuuza Parseli

Miti, Kabare

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kuna watu hapo Bukavu ambao ukiwapa dola zako, zitarudi maradufu kabla ya miezi mitatu, ndiyo maana unataka tuuze parseli aliyokuachia marehemu baba yako. Umeongeza kwamba mimi, mtu wa kijijini, siwezi kuelewa mambo ya kwenye simu. Hilo limenichekesha, halikuniudhi.

Wasomi wakipumbazika nimewaona kwa macho yangu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yachukuliwe na Wazaire. Huku kwetu Kivu maana yake ilikuwa chai, kahawa na kinkina. Nilikuwa kijana, nachuma chai. Bwana aliyepewa shamba letu alikuja na abakosti iliyopigwa pasi, mtu aliyesoma kutushinda sote. Kapita wetu, msimamizi wa wachumaji, hakujua hata kuandika jina lake, lakini chai aliijua. Usipoichuma kila wiki moja au mbili, na kuipogoa wakati wake ukifika, haikai tena kichaka cha kufika kiunoni: inapanda ikawa mti, majani yanakomaa, mkono wa mchumaji haufiki. Kapita alingoja aulizwe. Hakuulizwa. Bwana yule aliona haya kumuuliza mtu asiye na viatu. Akauza lori, akauza mabati ya ghala, akahamia mjini. Miaka michache tu, na wanawake walikuwa wanakata kuni kwenye chai. Mwaka 1976 serikali ilipoanza kuwarudishia wageni mali zao, mahali pengi palikuwa na msitu wa kurudishwa, si shamba.

Tangu hapo sipimi ujinga kwa diploma. Asiyejua anaweza kufundishwa kesho asubuhi. Kazi ipo kwa yule anayeogopa kuonekana hajui.

Na hayo ya dola kurudi maradufu si mapya, usidhani yamezaliwa na simu. Kinshasa, mwaka 1991, watu walijipanga mistari kupeleka pesa zao kwenye kampuni ya Bindo Promotion, wakiahidiwa kurudishiwa mara kadhaa baada ya muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kweli, tena mbele za watu, na hapo ndipo penye sumu, kwa sababu walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma yao. Wa nyuma walipopungua, mambo yakaanguka. Husemwa wajinga ndio waliwao, lakini pale waliliwa hata watumishi wa serikali waliojua hesabu vizuri. Kila mmoja alimwona mwenzake amepanga mstari, akadhani huyo ndiye aliyeuliza.

Usinielewe kwamba mvi zinatosha. Mnyauko wa migomba ulipotufikia, tulifundishwa kuvunja ua la mgomba kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga motoni kabla ya kukata shina jingine. Wazee wenzangu walicheka: tangu lini panga likaogeshwa moto? Vijana walisikiliza. Nenda leo ukaone ni migomba ya nani iliyosimama. (Hao wazee sasa wanakuja kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa hao vijana, na hawacheki tena.)

Kwa hiyo sikukatazi kwa sababu ya umri wangu. Parseli ni yako, na sheria iko upande wako; ukiamua, mimi nitatia kidole. Ila rafiki yako huyo mwenye mpango, mpandishe taksi mje naye hapa Jumapili baada ya misa. Nauli nitalipa. Nitamuuliza jambo moja tu, mbele yako na mbele ya mama yako mdogo: hiyo faida inatoka mfukoni mwa nani, na mtu huyo amenunua nini? Akitaja bidhaa, na mnunuzi wake, na soko lake, Jumatatu nitaita majirani wa mpakani waje washuhudie mauzo. Akisema nami niingize kidogo kwanza ndipo nitaelewa, nauli ya kurudi atajitafutia.

Baba yako mkubwa